Muvi ya kutisha, viti mia, watu wanane: ukumbi upangwe vipi? (Tanga)

MkongeMbichi (mleta mada)

Habarini wakuu. Mafundi wa sauti na picha naomba mshuke hapa.

Ukumbi ni wa kukodi, Ngamiani, si sinema. Urefu mita 12, upana 8, dari mita 4. Kuta za plasta, sakafu ya saruji, dari la jipsamu, madirisha ya louva, viti vya plastiki. Muvi ni ya kutisha, dakika 94. Matangazo ni bango moja na status za WhatsApp basi, kwa hiyo wanaotarajiwa ni wanane, wakizidi sana kumi na wawili. Vifaa: projekta ya ofisini ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga inaotoa), laptopu, spika mbili za inchi 15, sabufa moja ya inchi 18, mikisa. Mwenye muvi karuhusu kwa maandishi, na Bodi ya Filamu imeshapitiwa. Jumapili saa 12 jioni.

Swali: watu wakiwa wachache kuna cha kubadilisha, au mitambo inafungwa vile vile kama ya harusi?

Kisosora1

Watu wanane hao ni kikao cha kamati. Ahirisha bwana.

FundiBesi

Asiahirishe, ila asifunge kama harusi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Mitambo ya harusi inapangwa kwa hesabu ya watu 100 walioketi, na mtu ananyonya sauti. Mtu mmoja na nguo zake ni kama kunyonya mita ya mraba 0.45 hivi kwenye sauti za kati. Saruji na plasta hunyonya kama asilimia 2 tu ya sauti inayozigonga, jipsamu asilimia 5. Sasa piga hesabu kwa kanuni ya Sabine: ujazo wa ukumbi mara 0.161, gawa kwa jumla ya unyonyaji, unapata sekunde ambazo sauti inachukua kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). (Huyu Wallace Sabine wa Harvard alianza kazi hiyo 1895 kwa kuhamisha mito ya viti toka ukumbi mmoja kwenda mwingine na kupima mwangwi kwa saa ya kuhesabia sekunde (stopwatch). Kanuni inatumika mpaka leo.)

Ukumbi wako: 12 × 8 × 4 ni mita za ujazo 384. Kuta, sakafu na dari vyote vinanyonya kama 10. Ukiweka watu 100, jumla inafika 55, mwangwi sekunde 1.1. Inavumilika. Ukiweka watu wanane, jumla 13.6, mwangwi sekunde 4.5. Uhalisia utashuka kidogo kwa sababu ya milango na upenyo wa louva, lakini umeshaona tofauti.

Kwa muvi ya ngumi, mwangwi ni kero tu. Kwa muvi ya kutisha, ni msiba. Mlango unabamizwa, halafu kimya cha sekunde mbili, halafu ndo kinakuja kile kitu. Kwa mwangwi wa sekunde 4.5 sauti inashuka desibeli 13 kwa sekunde, kwa hiyo baada ya sekunde mbili mlango umeshuka desibeli 27 tu, bado unaunguruma ukumbini. Kimya hakijafika, na mshtuko unatua juu ya kelele. Watu hawashtuki, wanakunja uso. Wanatoka wakisema muvi mbaya, kumbe ukumbi.

BintiMakorora

Kumbe ndiyo maana vibanda umiza (vibanda vya video vya mtaani) vilivyojaa vinatisha kuliko kumbi kubwa. Nilidhani ni yale makelele ya watu.

FundiBesi

Makelele yanachangia dada. Ila banda dogo lililojaa watu, kuta za mbao na makuti, mwangwi wake ni mfupi mno.

MkongeMbichi

Sasa dawa yake? Vitambaa vya mapambo vinakodishwa hapa hapa mtaani, nivizungushe ukuta mzima?

FundiBesi

Satini ya mapambo ni nyepesi, inanyonya zile sauti za "sss" na "tsss" tu. Utaishia na ukumbi ambao maneno yamefifia na ngurumo imebaki pale pale. Kinachonyonya ni uzito na unene. Mapazia mazito yaliyokunjwa, yaani kitambaa cha mita mbili kwenye ukuta wa mita moja, au mablanketi mawili mawili, yaning'inie sentimita 10 mbali na ukuta, usiyabane. Kuta mbili za urefu, kimo cha mita 2.5, hiyo ni mita za mraba 60. Kwa nusu ya unyonyaji umepata 30.

Ongeza magodoro kumi ya sponji, inchi nne, futi 4 kwa 6, yasimamishwe ukuta wa nyuma. Hiyo ni 20 nyingine. Jumla 63 na ushee, mwangwi unashuka chini kidogo ya sekunde moja.

Zimamoto_mstaafu

Samahani nakatiza. Magodoro ya sponji yasimamishwe ukutani karibu na nyaya, ndani ya ukumbi wa giza? Hapana. Sponji ya kawaida ikishika moto inawaka kwa dakika chache na moshi wake ni sumu, unamuwahi mtu kabla ya moto kumfikia. Watu wanane au themanini, haijalishi. Kama ni lazima, mablanketi ya sufu ya kondoo, ambayo hayashiki moto upesi, au mazulia mazito. Soketi na ekstensheni zisiguse kitambaa chochote. Milango miwili iwe haijafungwa kwa kufuli, na taa ya mlango wa kutokea isizimwe hata kama inaharibu giza lenu.

FundiBesi

Mkuu yuko sahihi, nafuta magodoro. Basi badala ya kuongeza vya kunyonya, punguza umbali. Ukikaa karibu na spika unasikia spika. Ukikaa mbali unasikia ukumbi. Kwa spika zako na mwangwi wa sekunde 4.5, mpaka wa "karibu" ni mita moja na nusu tu. Ukifunga yale mapazia ya kuta mbili peke yake, mwangwi unashuka hadi sekunde 1.4 na mpaka unasogea mita 2.7. Kwa hiyo usiweke spika jukwaani halafu watu wakatawanyika hadi mlangoni.

Skrini si lazima ikae ukuta wa mbele. Isimamishe mita 3 kutoka ukuta huo, spika zikae pembeni yake, zikitazama watu, na mstari wa viti uwe mita 4 kutoka skrini. Nyuma ya viti ning'iniza pazia zito toka ukuta hadi ukuta. Viti vilivyobaki vitolewe nje kabisa, usivipange nyuma ya pazia: vya plastiki vikipandana vinatetemeka kwa besi kama debe la mawe.

Picha_Safi

Hiyo mita 4 inanipa mimi kazi, acha niseme upande wa picha.

Skrini ya upana mita 3, kimo mita 1.69, ni mita za mraba 5.06. Sinema za kweli zinawekwa mwanga wa kandela 48 kwa mita ya mraba kwenye nyeupe kamili. Kwa skrini ya kitambaa cheupe cha kawaida unahitaji lumeni 763 tu ili ufike hapo, giza likiwa giza. Projekta yako ya 3,000 inatoa karibu mara nne. Mtu wa mkutano atafurahi, mtu wa muvi ya kutisha ataumia, kwa sababu nyeupe ikizidi mara nne na nyeusi nayo inapanda mara nne. Kichochoro chenye giza kinakuwa kijivu, na yule aliyejificha kwenye kona anaonekana dakika tatu kabla ya wakati wake.

Fanya hivi. Weka hali ya "Cinema", taa kwenye "Eco". Peke yake hiyo inapunguza sana. Ikiwa bado kali, chukua kioo cha kijivu cha kamera, kile cha ND2 kinachokata nusu ya mwanga, kiwe cha kioo si cha plastiki, kishikilie sentimita chache mbele ya lenzi. Usifunike matundu ya hewa.

Halafu kuna ugonjwa mmoja unaua muvi za giza kuliko yote, na hakuna anayeuangalia: laptopu na projekta kutoelewana kwenye HDMI. Laptopu inaweza kutuma nyeusi ikiwa namba 0, projekta ikatarajia nyeusi iwe 16. Hapo kila kilicho chini ya 16 kinamezwa, uso gizani unageuka doa. Ikiwa kinyume, nyeusi yote inakuwa kijivu cha moshi. Kwenye menyu imeandikwa "Limited" na "Full". Zote mbili ziwe sawa, basi. Usijaribu kurekebisha kwa kitufe cha mwangaza, utazunguka usiku kucha.

MkongeMbichi

Mkuu Picha_Safi, kuta ni nyeupe. Ina shida?

Picha_Safi

Shida kubwa. Mwanga wa skrini unagonga ukuta mweupe unarudi kwenye skrini, unapauka. Nunua kaniki. Nyeusi, haing'ai, bei yake inajulikana. Funika kuta za pembeni kuanzia kwenye skrini hadi mita 2 kuja kwa watu, na kipande cha dari juu ya skrini. Hii inasaidia zaidi ya kununua projekta mpya. Na taa ndogo za mikisa na ekstensheni, zile nyekundu na buluu, bandika utepe mweusi.

Pia saa 12 jioni haiwezekani. Jua la Tanga huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi, kutegemea mwezi, na louva hazizuii mwanga. Anza saa 2 na robo: giza limekamilika na adhana ya Isha imepita, haitaingiliana na zile dakika za ukimya. Zima taa kubwa dakika kumi kabla. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na tochi moja ya simu inakurudisha nyuma.

Kisosora1

Na siku ya mechi uwanja wa Mkwakwani je? Coastal Union akicheza nyumbani mtaa mzima ni vuvuzela.

Picha_Safi

Hiyo angalia ratiba. Hatuna kioo cha ND cha vuvuzela.

Mzee_wa_Filta

FundiBesi, umewapanga watu mita 7 kutoka ukuta wa mbele (3 za nyuma ya skrini jumlisha 4). Umebahatisha au ulipiga hesabu? Kwa maana huo ukumbi una balaa.

Urefu 12, upana 8, kimo 4. Vipimo vinavyogawanyika. Kwa joto la Tanga, nyuzi 30, sauti inakwenda mita 349 kwa sekunde. Sauti ikienda na kurudi kati ya pande mbili, ukumbi unavuma kwa noti yake: kimo cha mita 4 kinavuma kwenye Hz 43.6 (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Upana wa mita 8 unavuma 21.8, na mara yake ya pili ni 43.6. Urefu wa mita 12 unavuma 14.5, na mara yake ya tatu ni 43.6. Pande zote tatu zimekutana kwenye noti moja. Kila ngurumo ya muvi itakayogusa hapo itavimba, na nyingine zote zitaonekana nyembamba. Ndiyo ile besi ya "buuu" moja ya kumbi zetu, mtu anadhani ni sabufa mbovu.

Mavumo hayo hayapo sawa kila mahali. La urefu linajaa kwenye mita 0, 4, 8 na 12, na linapotea kwenye 2, 6 na 10. La upana linajaa ukutani na katikati kabisa, linapotea mita 2 kutoka kila ukuta. Sasa chukua ule ushauri maarufu wa kukaa katikati, theluthi mbili ya ukumbi: mita 8, katikati. Umekaa juu ya vilima viwili kwa pamoja. Ukikimbilia mita 6 umeingia shimoni, besi hakuna.

FundiBesi

Sikubahatisha mzee, ila nilikuwa sijataka kuwachosha. Mita 7 ni katikati ya kilima na shimo. Viti viwili vya katikati kabisa viondolewe, watu wakae kulia na kushoto ya njia.

Mzee_wa_Filta

Basi tuko pamoja. Sabufa nayo iweke mita 2 kutoka ukuta wa mbele na mita 2 kutoka ukuta wa pembeni, nyuma ya skrini. Hapo haiyaamshi mavumo ya urefu na upana. La kimo litabaki, kwa hiyo kwenye ikwalaiza kata Hz 43 kwa desibeli 4 hadi 6, mkato mwembamba. Kuhakikisha, kabla ya kuihamishia hapo: iache sabufa kwenye kona, piga toni ya Hz 43.6 kwa sauti ya chini, tembea toka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Utasikia inavimba na kuzama kama nilivyosema. Isipofuata mita hizo, pima upya ukumbi, pengine kipimo cha mwenye jengo kina uongo.

Na ukiwa unapiga toni hiyo, sikiliza louva. Kioo kilicholegea kwenye klipu yake kitalia. Kipande cha kadibodi kilichokunjwa kinatosha kukibana.

Mtazamaji_Kimya

Nimesikia hizi muvi huwa wanaweka sauti isiyosikika, Hz 19, inakufanya uone vivuli. Sabufa ya inchi 18 si itaitoa?

Mzee_wa_Filta

Habari hiyo chanzo chake ni Vic Tandy wa Coventry, Uingereza, 1998. Aliandika kuhusu maabara iliyosemekana ina mzimu, akakuta feni ya kutolea hewa inavuma karibu Hz 19. Ilikuwa feni, muvi haikuwepo.

Sabufa za miziki nyingi huanza kulegea chini ya Hz 50. Ukilazimisha 19 kwenye kasha lenye tundu, hewa haishiki tena koni, inapepea huru hadi koili inagonga nyuma. Utasikia mgongano mmoja, kisha harufu. Weka filta ya kukata chini ya Hz 35 au 40 na usiiguse.

FundiBesi

Nikiongezea kwenye laptopu. Muvi ikiwa na sauti ya 5.1 (chaneli tano na moja ya besi) na wewe una spika mbili, angalia programu inaichanganyaje. Maneno ya wahusika yako chaneli ya katikati. Usipochagua stereo kwenye mipangilio ya sauti, unaweza kutoa kushoto na kulia pekee: muziki upo, miguno ipo, wahusika wanafungua midomo kama samaki. Na hata ikichanganywa vizuri, ile chaneli ya besi, ya .1, kwa kawaida inaachwa nje ya mchanganyiko. Muombe mwenye muvi faili la stereo alilolichanganya mwenyewe. Hilo ni bora kuliko ujanja wowote wa mikisa.

Zima "loudness", zima "night mode", zima kompresa ya mikisa. Vyote hivyo kazi yake ni kupandisha vya chini na kushusha vya juu, na muvi hii inaishi kwenye hiyo tofauti.

Kiwango: kelele ya pinki (ule mshindo wa "shhh" wa kupimia spika) ya −20, yaani desibeli 20 chini ya kilele cha faili, spika moja moja, desibeli 80 kwenye kiti. Sinema kubwa wanatumia 85, ila kwa ujazo wa 384 hiyo 80 ndiyo inayopendekezwa. Vilele vitafika 100, inatosha kabisa kumwaga soda.

BintiMakorora

Na mtu akienda sinema halisi Dar, ukumbi mtupu, akae wapi? Haya mambo ya mita 7 hayamsaidii.

Picha_Safi

Kule theluthi mbili, katikati, ni sahihi, kwa sababu ndiko maikrofoni za kupimia zinakowekwa. Na viti vya vitambaa vya sinema vimetengenezwa vinyonye sauti hata vikiwa vitupu, mwangwi haubadiliki sana. Kitu kimoja cha kuuliza: prosesa ya sauti iko namba ngapi? Kipimo ni 7. Kila namba moja ni karibu desibeli 3.3. Ikiwa wameiacha 5 kwa sababu ya katuni ya mchana, umepoteza karibu desibeli 7. Mkiwa wanne ukumbi mzima, kuomba ipandishwe si ufidhuli.

MkongeMbichi

Nashukuru sana wakuu, nimeandika yote. Bado mawili: feni na jenereta. Feni za dari zipo sita, zinapiga kelele. Umeme ukikatika kuna jenereta ya petroli.

FundiBesi

Feni, hapo uchache wa watu umekusaidia. Mtu aliyeketi anatoa joto la wati 100 hivi. Watu 100 ni kilowati 10, lazima feni zote. Wanane ni wati 800 na projekta 300. Fungua milango na feni zote nusu saa kabla, muvi ikianza acha mbili za nyuma ya pazia, mwendo wa chini kabisa. Feni isikae kwenye njia ya mwanga wa projekta, itakata picha kama tochi inayopepesa.

Picha_Safi

Projekta na laptopu ziwe kwenye UPS (betri ya akiba). Hiyo projekta kama ni ya taa ya zamani, si ya LED wala leza, umeme ukikatika ghafla feni yake inasimama taa ikiwa ya moto, na haitawaka tena hadi ipoe, dakika kadhaa za giza na watu wanane wameshaanza kucheka. UPS ya VA 1,000 inakupa muda wa kuwasha jenereta. Mikisa na spika zikizimika hazina hasara.

Mzee_wa_Filta

Jenereta iweke upande usio na madirisha, nyuma ya kona ya jengo, na mbali na mlango kwa ajili ya moshi. Kila ukizidisha umbali mara mbili unapunguza desibeli 6, kwa hiyo toka mita 10 kwenda 40 ni 12, unasikia tofauti. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa mita 40 na mzigo wa kilowati moja unapoteza volti mbili na nusu hivi, hakuna neno. Waya uvutwe wote toka kwenye roli, usiuache umejikunja, unapata moto.